Pilipili, Tembo na Macho Yako

Sisi wakulima wa mkoa wa Simiyu tuna jirani mkubwa. Jirani huyo ni tembo. Hutoka upande wa Serengeti na Pori la Akiba la Maswa. Huja usiku, wakati mahindi na mtama vinakaribia kuvunwa. Familia hulala ikiwa na shamba, ikaamka haina kitu.

Katika vijiji mbalimbali vya Tanzania, wakulima wanatumia pilipili kumzuia mnyama huyu. Wapo wanaozungushia shamba kamba yenye vitambaa vilivyopakwa oili chafu na pilipili ya unga. Wapo wanaochanganya pilipili na kinyesi cha ng'ombe au cha tembo, wakafanya matofali. Matofali hayo huanikwa yakakauka, kisha huchomwa usiku ili moshi wake uende upande anakotokea tembo.

Mzee mmoja alinijia zahanati macho yakiwa mekundu. Alikuwa ametwanga pilipili kwa kazi hiyo. Nilipomaliza kumsafisha macho, aliniuliza hivi:

"Daktari, pilipili hii inamshinda tembo. Mimi pia imenishinda. Mbona kuku wangu wanaidonoa kama mtama?"

Nilimjibu: "Mzee wangu, swali lako ni zuri. Nitalijibu gazetini ili na wengine wajifunze."

Mimi si daktari mkubwa. Ni tabibu msaidizi wa zahanati, nimesoma cheti. Lakini jibu la swali hili si gumu. Tena ni jibu linaloweza kuokoa jicho lako au la mtoto wako. Tulisome pole pole.

MISHIPA YA FAHAMU YA USO

Mwilini mna mishipa ya damu. Hiyo tunaijua. Mna pia mishipa mingine, inayoitwa mishipa ya fahamu. Mishipa hii haichukui damu. Kazi yake ni kuchukua habari. Mingine hupeleka habari kwenye ubongo. Mingine huleta amri kutoka kwenye ubongo.

Kutoka kwenye ubongo kuna jozi 12 za mishipa ya fahamu. Kila jozi ina mshipa mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto. Wataalamu wamezipa namba. Leo tutazungumzia jozi mbili tu: ya tano na ya saba.

Mshipa wa tano ndio unaohisi uso. Ukiguswa shavu, ukiumwa na jino, au mdudu akiingia jichoni, mshipa huu ndio unaopeleka habari. Una matawi matatu:

1. Tawi la juu. Hili huenda kwenye paji la uso na kwenye jicho.

2. Tawi la katikati. Hili huenda kwenye shavu, ndani ya pua, mdomo wa juu na meno ya juu.

3. Tawi la chini. Hili huenda kwenye taya, mdomo wa chini, meno ya chini na sehemu ya mbele ya ulimi.

Weka kiganja chako usoni. Kuanzia paji hadi kidevu, karibu kila mahali ulipogusa panalindwa na mshipa huo.

Mshipa wa saba una kazi nyingine. Huu ndio unaoendesha uso. Ukicheka, ukikunja uso au ukifumba macho, mshipa wa saba umefanya kazi. Pia ndio unaopeleka amri ya kutoa machozi.

Kwa hiyo mshipa wa tano ni kama mjumbe. Akiona hatari hukimbia kutoa taarifa. Mshipa wa saba ni kama mgambo. Akipewa amri hutekeleza mara moja.

Pilipili ikiingia jichoni, mjumbe hupeleka habari kwenye ubongo. Ubongo hutoa amri. Mgambo hufumba jicho na kulijaza machozi. Mambo haya yote hutokea kabla hujasema "Mama!" Hukuyapanga wewe. Mwili umejilinda wenyewe.

KWA NINI PILIPILI INAWAKA KAMA MOTO?

Watu wengi husema pilipili ni "moto". Lakini ukiishika, haina joto. Ukiiweka kwenye maji, maji hayachemki. Basi moto huo unatoka wapi?

Ndani ya pilipili mna kitu kinachoitwa kapsaisini. Hicho ndicho kinachowasha.

Kwenye ncha za mishipa ya fahamu mna milango midogo sana. Haionekani kwa macho. Mlango mmojawapo hufunguka kwa joto kali. Joto la mwili wetu ni kama nyuzi 37. Mlango huu hufunguka joto likifika karibu nyuzi 43. Hapo mshipa huuambia ubongo: "Moto! Tunaungua!"

Sasa, kapsaisini ina ufunguo wa mlango huo. Inaufungua ingawa hakuna joto. Mjumbe anapiga yowe, "Moto!" Ubongo unaamini. Mwili mzima unaamka kuuzima moto ambao haupo. Jasho linatoka. Machozi yanatoka. Kamasi zinatiririka.

Ni kama mtu anayepiga yowe usiku. Kijiji kizima kinatoka na ndoo za maji. Wakifika, hakuna nyumba inayoungua.

Mlango huo uligunduliwa mwaka 1997 na mtaalamu wa Marekani, David Julius, pamoja na wenzake. Walianza kwa kuuliza swali kama la mzee wetu: pilipili inawashaje? Mwaka 2021 mtaalamu huyo alipewa Tuzo ya Nobel, pamoja na mwenzake Ardem Patapoutian aliyechunguza jinsi mwili unavyohisi kuguswa. Unaona, ndugu msomaji? Swali la jikoni si swali dogo.

KUKU NA TEMBO

Sasa tumjibu mzee wetu.

Kuku na ndege wengine wana mlango wa joto pia. Ukiwachoma, wanasikia. Lakini umbo la mlango wao ni tofauti kidogo. Ufunguo wa pilipili hauingii. Kwa hiyo kuku anakula pilipili bila kusikia chochote.

Jambo hili linaufaa mpilipili. Ndege humeza mbegu nzima, akaruka, akaziangusha mbali pamoja na kinyesi. Huko zinaota. Wanyama wenye meno huzisaga mbegu zikafa. Pilipili inamfukuza anayeharibu mbegu, inamkaribisha anayeipanda.

Tembo hana bahati ya kuku. Yeye ni mnyama anayenyonyesha, kama sisi. Milango yake inafunguka kwa pilipili. Tena mkonga wake ni pua na mdomo wa juu vilivyoungana. Mshipa wa tano wa tembo ni mnene sana, kwa sababu mkonga wote unahisi kwa mshipa huo. Tembo akivuta moshi wa pilipili, mjumbe wake anapiga yowe kama wako.

Kwa sababu hiyo usitegemee pilipili kuwafukuza kwelea kwelea kwenye mtama. Hawaisikii.

MBONA MKONO HAUKUUMA, JICHO LIKAUMA?

Mama mmoja anaweza kutwanga pilipili asubuhi nzima. Mikono haimuumi sana. Kisha anajikuna jicho mara moja tu, anaanguka chini kwa maumivu. Kwa nini?

Ngozi ya kiganja ni nene. Kapsaisini haifiki upesi kwenye mishipa. Lakini kioo cha jicho, yaani ile sehemu ya mbele inayong'aa, hakina ngozi nene. Na ncha za mishipa ya fahamu zimejaa hapo kuliko karibu mahali pengine popote mwilini. Ndiyo maana hata punje moja ya mchanga inakusumbua.

Jambo la pili: kapsaisini haiyeyuki vizuri kwenye maji. Inayeyuka kwenye mafuta. Hii ndiyo sababu wakulima huichanganya na oili, ili mvua isiioshe haraka kwenye kamba. Lakini sababu hiyo hiyo inakudhuru wewe. Ukinawa mikono kwa maji matupu, pilipili inabaki. Unadhani mikono ni safi. Jioni unamwosha mtoto uso, mtoto analia usiku.

Basi kumbuka: mikono yenye pilipili ipakwe mafuta ya kula kwanza, ifutwe, halafu ioshwe kwa sabuni mara mbili au tatu. Na kama mdomo unawaka, kunywa maziwa. Maziwa yanaondoa kapsaisini kuliko maji.

MAUMIVU SI MIZANI

Hapa ndipo penye neno langu kubwa la leo. Tafadhali lisome mara mbili.

Maumivu ni mjumbe. Maumivu si mizani. Hayapimi ukubwa wa madhara.

Pilipili inaleta maumivu makali, lakini kwa kawaida madhara yake kwa jicho ni madogo. Ukiosha vizuri, maumivu hupungua na jicho hupona. Vitu vingine vinaweza kuleta maumivu ya muda mfupi, halafu jicho likapofuka.

Nitakupa mfano niliouona mwenyewe. Kijana mmoja alikuwa anapaka nyumba chokaa. Chokaa ilimrukia jichoni. Ilimuuma sana, akafuta kwa shati, akaendelea na kazi. Jioni maumivu yakapungua. Akafurahi, akalala. Wenzake walimwambia, "Umeshapona wewe." Alikuja zahanati siku ya tatu. Kioo cha jicho kilikuwa cheupe kama maziwa. Nilimpeleka hospitali upesi, lakini jicho lile halikuona tena.

Kwa nini maumivu yalipungua? Chokaa haikupiga yowe la uongo kama pilipili. Chokaa iliunguza kweli. Iliunguza kioo cha jicho, ikaunguza na mishipa ya fahamu iliyokuwa hapo. Mjumbe alikufa. Mjumbe akifa, hakuna wa kuleta habari. Kijana alidhani kimya kile ni kupona. Kumbe kilikuwa kimya cha msiba.

Ndugu msomaji, sisemi haya kumlaumu kijana yule. Angefikiria nini, kama hakuna aliyemfundisha? Nayasema ili asipatikane mwingine.

VITU VYA KUOGOPA HAPA KWETU

Tazama nyumbani kwako na shambani kwako. Vitu hivi vipo:

Chokaa na saruji. Hivi huunguza jicho na huendelea kuingia ndani zaidi kadiri vinavyokaa.

Magadi makali ya kutengenezea sabuni. Haya ni hatari kama chokaa, na huweza kuzidi.

Maji ya betri. Haya ni tindikali. Huunguza ngozi na macho.

Utomvu wa mnyaa. Wengi wetu tuna ua wa minyaa kuzunguka boma. Watoto huvunja matawi wakicheza. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huwasha, na maumivu huweza kuongezeka saa kadhaa baadaye. Macho huvimba, na mtu huweza asione vizuri kwa siku kadhaa.

Dawa ya wadudu wa pamba. Hii ina hatari mbili. Inaweza kudhuru jicho, na inaweza kuingia mwilini kupitia ngozi na macho. Dawa nyingine hazichomi sana zinapokugusa. Usiseme, "Haikuniuma, basi haina sumu." Mtu akitokwa jasho jingi na mate, akitapika, akitetemeka au akipumua kwa shida baada ya kupiga dawa, apelekwe hospitali mara moja. Chukua na kopo la dawa lenye karatasi yake, ili mganga ajue ni dawa gani.

UFANYE NINI JICHO LIKIINGIWA?

Usianze kuuliza ni kitu gani. Usipoteze muda kutafuta mtu wa kukushauri. Fanya hivi:

1. Osha kwa maji mengi safi, hapo hapo. Maji ya kunywa ni bora. Yakikosekana, tumia maji safi kuliko yote uliyo nayo. Dakika za kwanza ndizo zinazookoa jicho.

2. Mlaze mgonjwa, kichwa kiegemee upande wa jicho lililoumia. Hivyo maji machafu hayataingia kwenye jicho zima.

3. Fungua jicho kwa vidole safi. Mgambo wa uso atakataa, atalifumba kwa nguvu. Si ukaidi wa mgonjwa. Ndiyo kazi ya mshipa wa saba. Mshike kwa upole, umtulize, ulifungue.

4. Mimina maji pole pole kutoka upande wa pua kwenda nje. Mwambie azungushe jicho juu, chini na pembeni. Kama ni chokaa, geuza kope kidogo, uondoe punje zilizobaki kwa maji.

5. Endelea kuosha. Kwa pilipili, osha mpaka nafuu ije. Kwa chokaa, magadi, tindikali, utomvu au dawa ya wadudu, osha kwa dakika 20 au 30 bila kuacha. Kama huna saa, tumia ndoo nzima, kisha nyingine.

6. Nenda zahanati au hospitali siku hiyo hiyo, hata kama maumivu yamekwisha. Kwa pilipili, nenda kama maumivu yanabaki baada ya saa chache, kama huoni vizuri, au kama mwanga unakuumiza. Sisi wa Mkula hospitali iko karibu. Wa vijiji vya mbali, oshani kwanza, ndipo msafiri.

USIFANYE HAYA

Usisugue jicho. Kusugua kunakwaruza kioo.

Usitie mafuta jichoni. Mafuta ni ya mikono tu.

Usitie maziwa, mkojo, maji ya majani, chumvi wala ndimu. Najua wazee wetu walitumia baadhi ya hivi kwa nia njema, kwa sababu hospitali ilikuwa mbali. Lakini vitu hivi huweza kuleta vijidudu, vikafanya kidonda kwenye kioo cha jicho. Kidonda kikipona huacha kovu jeupe. Kovu hilo huzuia kuona.

Usitie ndimu ili "kukata" chokaa. Ndimu itaongeza maumivu, na muda unapotea. Maji mengi yanatosha.

Usinunue dawa ya matone dukani kabla ya kupimwa. Dawa inayomfaa mmoja huweza kumpofusha mwingine.

UKITAKA KUTENGENEZA PILIPILI YA TEMBO

Sikukatazi. Chakula ni afya, na shamba likiliwa watoto watalala njaa. Lakini fanya kazi kwa akili:

Twanga au saga pilipili nje, mahali penye hewa, ukiwa upande ambao upepo unatokea. Funga kitambaa puani na mdomoni. Vaa miwani ya kukinga macho kama unayo, na glavu.

Weka watoto mbali. Kinu na mchi vya pilipili visitumike kwa chakula.

Usijiguse uso wala usiende haja kabla ya kunawa kama nilivyoeleza. Ngozi ya sehemu za siri nayo ni laini.

Ukichoma matofali ya pilipili, angalia upepo kwanza. Moshi usielekee kwenye nyumba. Mtu mwenye pumu huweza kubanwa kifua vibaya. Watoto wachanga pia.

Pakeni kamba upya mara kwa mara, hasa baada ya mvua. Na mkimwona tembo msimkaribie. Toeni taarifa kwa viongozi wa kijiji na askari wa wanyamapori.

JE, PILIPILI INA FAIDA KWA MISHIPA?

Ndiyo. Mshipa unaopata kapsaisini mara nyingi huchoka. Ndiyo maana mtu aliyezoea pilipili haisikii kama mgeni. Wataalamu wametumia jambo hilo kutengeneza dawa ya kupaka yenye kapsaisini. Hutumika kwa watu wenye maumivu ya mishipa yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi. Lakini dawa hiyo imepimwa. Haipakwi karibu na macho, wala kwenye kidonda. Usijitengenezee yako jikoni.

MWISHO

Ndugu msomaji, mshipa wa tano ni mjumbe mwaminifu, ila hana mizani. Akipiga yowe, osha. Akinyamaza baada ya kupiga yowe, usifurahi upesi. Nenda ukapimwe.

Yule mzee alipona macho. Aliniambia, "Sasa najua kwa nini kuku wananicheka." Mmsomee habari hii asiyejua kusoma. Na ndoo ya maji safi isikose karibu mnapopiga dawa au mnapopaka chokaa.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Mshipa wa tano una kazi gani? Na wa saba je?

2. Kwa nini pilipili inamfukuza tembo lakini haimfukuzi kuku?

3. Kwa nini maji matupu hayatoi pilipili mikononi?

4. Kijana wa chokaa alipaswa kufanya nini dakika ile ile?

5. Katika kijiji chenu, ni vitu gani vinavyoweza kuunguza macho? Vimewekwa wapi? Je, watoto wanaweza kuvifikia?